Bunduki ya Mpini wa Ufagio

Mume wangu Delmar alitembea na mpini wa ufagio mwaka mzima, na aibu niliibeba mimi.

Huku kwetu Montana mwanamume kutafuta bunduki si habari. Lakini wenzake huingia dukani, hubishana kidogo, hutoka nayo. Delmar alitaka moja ya kazi zote: fupi, nyepesi, ya kuvuta komeo kwa mkono, imfae kwa mbweha anayenyemelea kondoo, kwa elki, yule kulungu mkubwa wa huko juu milimani, na hata kwa dubu, siku dubu akijisahau. Iwe ya inchi arobaini, isizidi. Uzito ratli sita na nusu. Na kwenye kitako, upande wa kushoto, kiwepo kibonde kidogo cha kukalishia shavu.

"Shavu la nani?" aliuliza Roscoe mwenye duka, nami nimesimama pale pale. "Delmar, wewe una uso kama sahani. Kibonde cha nini?"

"Niuzie bunduki, usiniuzie maneno."

Roscoe alimletea ya Kifini, ya Kicheki, ya Kijapani. Moja ilizidi nusu inchi. Ya pili komeo lake lilikuwa linakwama ukivaa glavu. Ya tatu ilikuwa sawa kila mahali, ila alisema inanuka upya. Mchagua jembe si mkulima, nilimwambia njiani tukirudi. Akanijibu kwamba mkulima asiyechagua jembe huishia na mgongo wa Lyle, jirani yetu. Na kweli Lyle ana mgongo mbaya.

Ngoja niseme nilichokuwa naogopa. Nyuma ya mlango wa stoo yangu, kando ya gunia la unga, husimama bunduki ya marehemu mama yangu, Borghild. Ni fupi, imechakaa, ya komeo. Mama aliirithi kwa mama yake, na baba alipoangushwa na farasi akafa, alitulea kwa nyama ya bunduki ile. Haijawahi kushikwa na mwanamume. Delmar alipokuja kuniposa, mama hakumuuliza habari za shamba wala za kanisa. Alimwambia, "Binti mchukue. Bunduki yake usiiguse hata kwa kidole." Delmar akaapa, mkono juu ya sufuria ya viazi, kwa kuwa Biblia ilikuwa chumba cha pili na mama hakuwa na subira.

Sasa mama hayupo, na mume wangu ni mtu wa kuboresha vitu. Cherehani yangu aliiboresha kwa injini ya mashine ya kukatia majani. Tangu hapo inashona mbele tu, na haisimami mpaka ifike ukutani. Kwa hiyo niliposikia masharti yake pale dukani, nilishtuka. Fupi. Nyepesi. Kibonde cha shavu. Bunduki hiyo ninayo mimi! Nikaanza kuifunika kwa aproni.

Halafu kulikuwa na lile jambo la mzani. Siku moja nimetoka kumpiga kicheche aliyehamia chini ya baraza, bunduki bado begani, Delmar akaniita bandani.

"Verna, hebu panda hapo kwenye mzani wa kondoo."

Nikapanda. Akasoma, akaandika kiganjani.

"Sasa kaiweke bunduki, urudi upande tena."

"Kwani nimenenepa?"

"Sijasema umenenepa."

"Umenipandisha kwenye mzani wa kondoo mara mbili, Delmar!"

Nilinuna wiki nzima, na chakula alijipashia mwenyewe.

Baada ya hapo ndipo akauchonga ufagio. Aliukata mpini, akaupigilia ubao uwe kitako, akaufunga boliti na nati kuukuu mpaka uzito ukamridhisha. Komeo alilinyofoa kwenye mlango wa banda la kuku, na mbweha hakukawia kupata habari.

"Nazoea kwanza," alisema. "Siku nikiipata yenyewe, mkono uwe tayari unajua."

Alikwenda nao kanisani, akauegemeza kwenye benchi. Mchungaji, mtu mpole sana, akamwomba kwa upole atoe risasi. Delmar akavuta komeo, akamwonyesha kwamba hamna kitu. Waumini wakashusha pumzi. Lyle naye alikuja nyumbani kuujaribu, akalenga mlima, akasema kifyatulio ni kizito.

"Nitakilegeza," alisema Delmar, akashika patasi mpaka supu ikapoa.

Msimu wa kuwinda ulipofunguliwa alipanda mlimani na ufagio wake. Alirudi macho yanang'aa.

"Verna, dume! Pembe zake kama mti! Alisimama karibu kama hapo mlangoni!"

"Ukafanya nini?"

"Nikamlenga. Umenikaa begani vizuri ajabu."

"Na elki?"

"Alisubiri. Alipochoka akaenda zake."

Friji yetu ya nyama ilikuwa na njegere na barafu.

Jumapili ya mwisho ya msimu niliingia stoo kuchota unga, nikakuta ufagio umesimama bega kwa bega na bunduki ya mama. Urefu mmoja. Komeo mahali pamoja. Kibonde mahali pamoja. Hata ule mkwaruzo ulioipata bunduki siku mama alipoteleza kwenye jiwe, Delmar alikuwa ameuchonga.

"Delmar! Umeigusa!"

"Sijaigusa," alisema, akija mbio na soksi moja.

"Unapimaje kitu usichokigusa?"

"Kwa uzi. Niliuning'iniza kando yake, bila kugusa. Na uzito, ndiyo maana nilikupandisha wewe mzanini, nayo na bila yake."

"Unataka kuninyang'anya bunduki ya mama yangu!"

"Ningetaka kuichukua ningeichukua zamani, Verna. Nataka pacha wake." Akakaa juu ya gunia la unga, soksi mkononi. "Lile bunduki nililorithi kwa baba yangu ni refu kama mlingoti. Wewe na mama yako mlikuwa mnapenya tu msituni, mimi nyuma nakwama kila tawi, nafukuza wanyama wote. Mwisho mkaacha kuniita. Mama alipofariki, na wewe ukaacha kwenda. Nikasema, nikipata moja kama yako, labda utakwenda na mimi."

Kumbe nilikuwa naificha bunduki kwa aproni, nikimkwepa mtu aliyekuwa anaomba tu kufuatana nami. Nililia, na sioni haya kusema. Kisha nikaitoa nyuma ya mlango, nikamnyooshea.

"Shika."

Akaficha mikono mgongoni. "Niliapa."

"Uliapa kwenye viazi!"

"Kiapo ni kiapo."

Basi tukavaa vizibao vyetu vya kuwindia, vya rangi ya chungwa, tukapanda, mimi na bunduki, yeye na ufagio. Tulipita katikati ya misonobari na hakuna tawi lililomkamata. Adhuhuri dume akatokea bondeni. Delmar akapiga goti kando yangu, ufagio begani, akavuta komeo la kuku taratibu.

"Pamoja," akaninong'oneza. "Moja, mbili, tatu."

Mlio ulikuwa mmoja. Elki akaanguka hapo hapo.

Delmar alibaki amelenga kwa muda, kisha akashusha ufagio.

"Wangu umevuta kushoto kidogo," alisema. "Aliyempata ni wewe."

"Nimeona vumbi la risasi yako," nikamwambia. "Ulimkosa padogo sana."

Alifurahi njia nzima, na mguu wa elki mgongoni.

Wiki iliyofuata Roscoe alipiga simu. Kuna mtu ameleta bunduki dukani: inchi arobaini, ratli sita na nusu, hata kibonde kipo. Delmar alisikiliza huku anatazama mlango wa stoo.

"Asante, Roscoe," alisema. "Nimeshapata."

Nami nikavaa koti, nikaenda mjini kununua komeo jipya la banda la kuku.