Sauti ya Kuazima

"Mke wangu, nina njaa," akasema mwanamke ndani ya simu.

Alisema vizuri mno, kila herufi mahali pake, kama msoma habari aliyeshiba. Mke aliyekuwa akiambiwa hayo, mshona nguo ambaye utepe wa kupimia haumtoki shingoni hata akienda sokoni, alirudi nyuma akaangaza macho pande zote za kibanda cha fundi simu.

"Huyu ni nani?"

"Ndiye mzee huyo, mama," fundi simu akajibu, akimwonyesha kwa bisibisi mwanamume aliyeketi kwenye kigoda. "Yeye anaandika kwenye simu yake, programu inakusomea kwenye yako."

"Mume wangu hajaniita mke wangu tangu anioe. Na akiwa na njaa hugonga sahani."

Alisema kweli tupu. Mtaa mzima ulimwita yule mume Mzee Mguno. Alikuwa fundi wa kuchomelea milango na madirisha ya chuma, na kazi yake haikuwa na dosari, ila maneno yalimtoka kwa shida. Ukimsalimu, anaguna. Ukimsifu, anaguna. Binti yake alipoolewa aliguna mara mbili, watu wakasema leo mzee kahutubia. Mkewe alizoea, au alisema kazoea, maana mtu akiulizwa jambo lile lile kila siku huona heri kusema amezoea.

Kisha ukaja uvimbe kooni. Madaktari waliutoa, na sauti wakaitoa pamoja nao. Sasa mzee alipumua kwa tundu lililo shingoni, akalifunika kwa kitambaa laini ambacho mkewe alimshonea. Na hapo ndipo watu waliposhangaa: alipokuwa na sauti hakuitumia, aliponyang'anywa akawa hakauki maneno. Aliandika kwenye maboksi, kwenye mabati, hata ukutani kwa chaki ya kupimia vyuma. Tatizo ni kwamba mkewe hakujua kusoma. Namba za utepe alizijua fika, lakini herufi zilimpita kushoto. Ikawa kila karatasi aipeleke kwa muuza duka, naye muuza duka, Mungu amrehemu angali hai, hakujua kusoma kimoyomoyo. "Jana umekoroma," alisoma asubuhi moja mbele ya wateja, na mtaa ukapata la kucheka.

Ndiyo maana mzee alipotaka kumwomba mkewe radhi hakuweza. Aliandika siku moja kwenye kipande cha boksi, mkewe akakichukua kuelekea dukani, na mzee akamkimbilia barabarani akampokonya. Mambo mengine hayapitii kinywa cha muuza duka. Binti yao aliposimuliwa kisa hicho kwa simu, alicheka kwanza, halafu akasema, "Mama, nendeni mkatafute programu inayosoma."

Basi ndivyo walivyofika kwenye kibanda kile. Fundi simu aliwaonyesha kwanza ile wanayoitumia watu wote, ambamo binti yao pia yumo. Hiyo ilitaka macho ya kusoma au sauti ya kurekodi, na kwa nyumba ile kila kimoja kilikuwa na mwenyewe aliyekikosa. Ya pili ilijaa vikatuni vya kucheka na kulia. Mzee akamtumia mkewe kikatuni cha kulia, mkewe akauliza kama jino limemuuma tena. Hii ya tatu ndiyo iliyokuwa na yule mwanamke, na fundi alikuwa ameiweka kwa majaribio tu.

"Tuchukue hii," mshona nguo akasema. "Nitamvumilia. Wangapi wamevumilia wake wenza?"

"Lakini simu yako imejaa, mama. Ili ikae vizuri lazima tufute kitu. Kuna picha nyingi za mitindo ya nguo, na kuna hii rekodi."

"Hiyo usiiguse!"

Alichelewa. Kidole cha fundi kilikuwa kimeshaigusa, nayo ikaanza kusema. Kulisikika magurudumu ya kitanda cha hospitali, mtu akikohoa kwa mbali, kisha sauti ya mshona nguo, ya chini na ya haraka: "Sema chochote, baba. Hata jina langu. Wakishakukata mimi nitabaki na nini?"

Na sauti nzito, kavu, ikamjibu: "Mambo gani ya kitoto haya. Zima simu."

Ikaishia hapo.

Mzee Mguno hakujua kwamba maneno yale yalibaki ndani ya simu. Alitazama ile simu juu ya meza, katikati ya betri na vioo vilivyovunjika, akajisikia mwenyewe akisema kwa koo ambalo hana tena. Majuto ni mjukuu, wanasema, na wake alikuwa amekuja mzimamzima. Miaka yote ile sauti ilikuwepo, bure, haihitaji umeme wala vocha, na katika yote aliyoweza kumwachia mwanamke huyu alimwachia hilo. Aliona aibu mpaka masikio yakamwaka moto.

Akamnyooshea mkewe kiganja: kwa nini umeiweka?

"Sasa ningeweka ipi?" mkewe akamjibu bila ukali. Akamgeukia fundi. "Futa mitindo."

"Yote, mama? Si ndiyo unayowaonyesha wateja?"

"Nimesema futa. Nguo nitazikumbuka."

Jioni alikaa kwenye cherehani yake sebuleni, akipindia mapazia ya mteja. Mzee alikaa upande wa pili wa chumba na simu yake. Aliandika, akafuta, akaandika, huku jasho likimtoka kuliko mbele ya moto wa kuchomelea. Kisha akatuma. Simu iliyokuwa kando ya mapazia ikafungua kinywa.

"Mke wangu. Siku ile niliogopa. Nilidhani nikikuachia sauti nitakuwa nimekuaga. Nilikuwa na la kukuambia, na nilikuwa na koo la kulisemea. Nisamehe."

Cherehani ikasimama.

"Amesema vizuri," mshona nguo akasema. "Mwambie ahsante."

Mzee akainamisha kichwa. Alitamani achekwe, atukanwe, chochote kisichokuwa shukrani ya kumpelekea mtu mwingine.

"Nilishakusamehe, baba," mkewe akaendelea. "Sikukaa na kinyongo. Ila huyu simjui. Maneno haya niliyataka kwako, na nilingoja sana." Akaizima ile programu, akajifuta macho kwa pindo la pazia la watu. Akavuta kiti hadi magoti yao yakagusana.

"Haya. Sema."

Mzee akatikisa kichwa, akajigusa kitambaa cha shingoni.

"Najua. Sema tu."

Akafungua kinywa. Midomo yake haikuwahi kulizoea neno lile, nisamehe, ikalitamka kwa kujikwaa, na hewa yote ikapotelea chini ya kitambaa. Mkewe alikuwa ameyakaza macho kinywani pake bila kupepesa.

"Polepole," akasema. "Sijashika kitu."

Akaanza upya.