Chupa ya Baba

Muuguzi Bochaberi alimchoma mama mzee Jerusa sindano mara tatu bila kupata mshipa. Mkono ulikuwa mkavu, na vidole vilikuwa vimeingia ule weusi wa majani chai usiotoka kwa sabuni. Mara ya nne damu ikaja, kidogo kidogo, ikafika nusu ya chupa. Chepkemoi na mwanawe Kiplangat, kijana wa miaka kumi na tisa, walikuwa wameshatolewa yao.

"Fomu inataka mtoto, mama na baba," Bochaberi alisema. "Baba ni nani?"

"Ni huyu," Chepkemoi akamwonyesha Jerusa. "Ndiye alinioa."

Muuguzi hakushtuka. Alikuwa mtu wa Nyamira. "Hata kwetu iko. Shangazi yangu alioa mke." Akaandika kwenye chupa: J. TUWEI, BABA.

Jerusa alifiwa na mume kabla hawajapata mtoto. Kwa desturi yao, akatoa ng'ombe saba wa mahari, akamwoa Chepkemoi ili nyumba ya marehemu isife, na Kiplangat akazaliwa humo. Mwanamume aliyepita hapo katikati hakumhusu mtu yeyote pale Merigi. Sasa Jerusa alikuwa amezeeka, akataka kumwandikia Kiplangat shamba lake la chai, ekari tatu. Robert, mtoto wa shemeji yake, mkubwa wa ofisi huko Nairobi, akakimbilia mahakamani. Alidai Jerusa hana mtoto, kwa hiyo shamba ni la ukoo. Ukoo, kwa maoni yake, ulikuwa yeye.

Wakili wa Robert ndiye aliyeomba kipimo cha DNA. Mwaka huo wa 1998 neno lenyewe lilikuwa geni, lakini Chepkemoi alifurahi kulisikia. Damu ingepelekwa ng'ambo, kwenye mashine ambayo Robert hangeweza kuipa kitu kidogo.

Majibu yalichukua miezi mitano. Hakimu aliinua karatasi yenye safu za mistari midogo myeusi.

"Aliyeandikwa baba hana uhusiano wa damu na mtoto," alisema. "Na kuna lingine. Damu ya chupa ya baba ni ya mwanamke. Nani alifanya huu mchezo?"

"Si mchezo, Mheshimiwa," Chepkemoi alisema. "Jerusa ni baba yake. Mimi ni mke wa Jerusa."

Wakili alicheka. Watu wa Merigi waliokaa nyuma hawakucheka, kwa maana hawakuona cha kuchekesha.

"Mama, nimekuuliza kuhusu baba."

"Na mimi nimejibu." Akamgeukia Robert. "Robert, wewe ulikuwa kwa harusi yetu. Nyama ulikula. Si uwaambie."

Robert alinyoosha tai yake. "Mheshimiwa, mimi naheshimu sayansi."

Jerusa akainuka, ameshikilia benchi. "Mlipima nini? Mimi sikusema nilimzaa. Nilisema ni mtoto yangu."

"Keti, mama. Mashine haidanganyi."

Ni kweli haikudanganya, na hilo ndilo lililomchoma Chepkemoi. Iliulizwa swali la Robert, ikajibu swali la Robert.

Hakimu akaamuru Chepkemoi azuiliwe kwa kudanganya mahakama. Askari wakamsimamisha kando ya mlango kungojea gari. Kutoka pale alimwona wakili akimwinamia Jerusa na karatasi nyingine.

"Weka kidole hapa, nyanya, na kesho tutaomba huyu mama aachiliwe. Usipoweka, sijui atakaa ndani hadi lini."

Jerusa hakujua kusoma. Alimtazama Chepkemoi. Chepkemoi alitikisa kichwa akimkataza, lakini mzee alikuwa ameshampa Kiplangat karatasi.

"Nisomee."

"'Mimi, Jerusa, mjane wa Tuwei,'" Kiplangat alisoma polepole, "'ninakiri kwamba sina mtoto.'"

"Umesoma vizuri?"

"Nimesoma vizuri."

Wakili akakishika kidole gumba cha Jerusa, akakigandamiza kwenye wino, kisha kwenye karatasi. Karani akasogea na kalamu.

"Aliyemsomea atie sahihi kama shahidi. Hapo chini, andika uhusiano wako na yeye."

Kiplangat alitia sahihi. Kwenye nafasi ya chini kalamu ikasimama.

"Andika jirani," karani alisema. "Harakisha, tunafunga."

Akaandika jirani, kwa mwandiko wake mzuri wa shule.