Mboga za Mama Mkwe

Sahani ilifunikwa kwa sahani nyingine, juu yake kitambaa cheupe, na nyuma ya kitambaa alisimama mama mkwe wangu, Yusta, akihema kwa mwendo. "Kamwene, mwanangu," alinisalimu kwa Kihehe. "Kula kingali cha moto." Yalikuwa majani ya maboga yaliyoungwa kwa karanga, yamejaa hadi ukingoni. Akavuta kigoda, akaketi mbele yangu, na hakuondoka mpaka nilipomaliza.

Hivyo ndivyo nilivyokaribia kufa: kwa kulishwa vizuri.

Nilikuwa nimetoka Dar es Salaam kufanyiwa upasuaji wa moyo. Valvu yangu moja iliharibika tangu utotoni, kwetu Tukuyu, wakaniwekea ya chuma. Daktari alitueleza mimi na mume wangu, Clement, kwamba damu hupenda kuganda kwenye chuma. Kwa hiyo ningemeza warfarini, dawa ya kuzuia damu isigande, kila jioni maisha yangu yote, na ningepimwa damu mara kwa mara kuona kama ni nyepesi inavyotakiwa. Pombe, nisiguse. Miti shamba, nisiguse. Mboga za majani nile kidogo, kiasi kilekile kila wiki, maana zikizidi zinaiua nguvu dawa. Na mimba ni hatari. Clement aliitikia kwa kichwa kila neno, kama mwanafunzi anayetaka kusifiwa.

"Kwa mama niachie mimi," aliniambia basi liliposimama Ruaha Mbuyuni. "Nitamweleza taratibu."

Nilimpenda sana siku ile, nisiseme uongo. Tulipofika nyumbani Mlandege akaninunulia masweta mawili ya shingo ndefu, akisema baridi ya Iringa haina huruma kwa mgonjwa. Niliyavaa kwa maringo.

Mtu atauliza kwa nini sikukataa tu ile sahani. Huyo hajawahi kuolewa kule. Mkwe anayerudisha chakula cha mama mkwe amemwita mchawi, na mtaa mzima utajua kabla jua halijazama. Nami nilikuwa Mnyakyusa, mtu wa kuja. Nikamwendea Clement.

"Mama anajua habari za mboga?"

"Nimeshamwambia, Sekela. Wazee wana mazoea yao bwana."

Nilimrudia nilipotoka kliniki, siku daktari alipoona damu imekuwa nzito akaniongezea dozi. "Nitamkumbusha," alisema, macho kwenye simu. Basi nikaamini kwamba yule mama anajua na anafanya kusudi. Nilitafuna mboga zake huku nikimlaani kimoyomoyo, halafu namshukuru kwa adabu zote nilizofundwa.

Masika yakakolea, mboga zikawa bwerere. Mnafu, figiri, chainizi, kila siku sahani inazidi kuwa nzito. Jumapili moja nilikuwa najiandaa kwenda kanisani, kitana kikaniponyoka. Nikataka kukiokota, mkono ukagoma. Nilipomwita Clement, jina lake lilitoka limepinda.

Hospitalini daktari aliuliza nimekuwa nikila nini. Mama, aliyekuja mbio na kitenge kimoja begani, akadakia kabla ya mwanawe.

"Mboga, daktari! Namlisha mwenyewe. Mwanangu aliniambia huko Dar walimwongezea damu tu, ilikuwa imemwishia. Nikasema, damu ya mkwe wangu nitairudisha kwa mikono hii."

Daktari akamtazama Clement. Clement akatazama viatu vyake. Kisha daktari akashusha shingo ya sweta ili anisikilize kifua, na mama akaliona kovu likianzia chini ya koo na kuteremka kifuani.

"Hiki nini?"

Daktari ndiye aliyemweleza yote, kuanzia chuma hadi damu iliyoganda na kupanda kichwani, hadi suala la mimba. Mimi nililala pale nikiyafikiria masweta yangu mawili. Nilikuwa nimefichwa, na nilikuwa nimeshukuru kwa kufichwa. Kama ningekuwa na mkono wa kulia ningemchapa mume wangu.

"Clement," mama alisema kwa sauti ndogo. "Ulitaka nimuue mimi? Watu si watasema nimemloga?"

"Niliogopa utaniambia nimwache, mama. Hawezi kuzaa huyu."

Huyu. Alinionyesha kwa kidevu.

Mama hakumtazama yeye. Alinitazama mimi, moja kwa moja, machozi yakimtiririka.

"Ningekuambia," alisema. "Kweli ningekuambia umwache."

Iliniuma. Inaniuma mpaka leo, mkono ukiwa umenirudia nusu, na Clement akiwa Mbeya mjini na mke mwingine. Lakini lilikuwa neno la kweli, na lilisemwa usoni pangu. Katika nyumba ile sikuwa nimeambiwa jingine.

Kulekule hospitalini, siku waliponirudishia dawa waliyokuwa wameisimamisha kwa muda, muuguzi aliweka kidonge kwenye kifuniko, akaondoka. Clement akachukua kikombe cha maji, akaja nacho kitandani. Nikageukia ukuta. Alisimama hapo kitambo, akiniita jina langu kwa upole, kisha nikasikia kikombe kikirudishwa mezani.

Mama ndiye aliyeninywesha.