Karibu Tena, Kolton

Watu wa ofisini wakipata neno jipya hawalali, na mwaka ule neno lilikuwa "mlango mmoja." Kampuni ya Gunderdahl, inayowauzia wakulima wa Dakota Kaskazini kule Marekani buti, glavu, spea na chakula cha mifugo, ilikuwa na maduka, tovuti, programu ya simu na laini ya kupigia oda, na kila kimoja kilimjua mteja kivyake. Mtu aliyenunua buti dukani jana, tovuti ilimpokea leo kama mgeni. Annika Brekke, mkuu wa utafiti, ndiye aliyeleta dawa. Kanuni yake ilikuwa nyepesi: kadi mbili za mteja zenye anwani moja, zinazolipiwa kutoka akaunti moja ya benki, ni za mtu mmoja aliyejisajili mara mbili kwa kusahau. Mfumo uziunganishe, ubakize jina la kadi ya zamani zaidi, hata kwa namba ya simu ya ile nyingine. Wakubwa walimpigia makofi, naye, tuseme ukweli, kichwa kilimvimba kidogo.

Kulikuwa na kasoro moja tu. Tangu kadi ziunganishwe wakati wa vuli, msimu wa mavuno, wateja wachache wa miaka mingi walikata mguu madukani. Hawakulalamika, hawakuhamia kwenye tovuti, waliacha tu. Kwa hesabu za kampuni walikuwa si kitu, lakini Annika alikuwa mtafiti wa kweli, akaamua kwenda kuwauliza nyumbani kwao. Ndivyo alivyofika kwa Arlene Vetsch mwezi wa Januari, theluji imemeza uzio wote.

Arlene alikuwa mama wa miaka sitini na kitu, mke wa mkulima wa mahindi. Alimkaribisha jikoni, akamwekea kahawa na kipande cha kuchen, keki ya maziwa na plamu ambayo kule ukiikataa umewakosea wenyeji. Mumewe Duane alikuwa karakanani, ng'ambo ya ua, anagonga gonga chuma. Annika akauliza maswali yake. Bei zimepanda mno? Hapana. Amehudumiwa vibaya? Hapana, vijana wale wana adabu. Ni umbali? Arlene akasema labda ni hii theluji. Annika akamkumbusha kwa upole kwamba theluji ya miaka iliyopita haikumzuia. Karibu kila wiki alikuwa akiendesha gari mwendo mrefu kwenda kununua mfuko mmoja wa mbegu za kulishia ndege.

"Unayajua mambo yangu kuliko mchungaji," Arlene alisema.

"Ndege wako lazima wamenenepa, mama."

"Ndege gani, binti? Mifuko imejaa bandani. Wanaonenepa ni panya."

Wote wawili wakacheka. Kisha Arlene akaacha kucheka, akageuka kutazama dirishani kuhakikisha mumewe bado yuko karakanani, na ndipo akaanza kusema.

Walikuwa na mtoto mmoja, Kolton. Miaka minne iliyopita, wakati wa vuli, aliingia ndani ya ghala la mahindi kuvunja mabonge yaliyoganda, mahindi yakamzamisha. Kila mtu kule anajua ghala linavyoua, na kila mtu bado anaingia. Majirani walikuja na masufuria ya chakula, wakazika, wakaenda zao, na jina la kijana likaenda nao. Si kwa ubaya. Watu wa kule wanaona ukimtaja marehemu mbele ya mama yake umemtonesha kidonda, kwa hiyo kanisani wanamuuliza habari za mvua. Duane ndiye kabisa, hajalitamka jina lile tangu makaburini. Arlene naye akaogopa kulitamka mbele yake, na nyumba ikakaa hivyo.

Halafu siku moja pale Gunderdahl keshia alimwomba namba ya simu ya kadi yake, kama wanavyomwomba kila mteja, na Arlene akajikuta ametaja ya Kolton, ambaye kadi yake ililipiwa kutoka akaunti ile ile ya shamba. Keshia akasoma kilichotokea kwenye skrini, bila hata kuinua macho: karibu tena, Kolton.

"Nilikwenda kukaa garini nikalia mpaka vioo vikaingia ukungu," Arlene alisema. "Wiki iliyofuata nikarudi. Makeshia wa pale wanabadilika kila siku, hakuna anayejua. Analitaja tu, kama jina la mtu ambaye yuko nyumbani anakula."

"Na vuli iliyopita?" Annika aliuliza, ingawa alishajua.

"Msichana akaniambia, karibu tena, Arlene. Nikadhani amekosea namba. Nikamtajia upya, polepole. Arlene. Nikauacha mfuko wangu pale pale nikatoka."

Annika alipaswa kusema hapo hapo kwamba kanuni ile aliiandika yeye. Aliona aibu, na aibu ikamtia kwenye kosa lingine kubwa zaidi, akatoa ahadi. "Nitamrudisha, mama," alisema. Mtu mwenye akili zake asingeyatumia maneno hayo ndani ya nyumba ile.

Ofisini alimwendea Wendell, fundi wa mfumo, mtu mpole asiyependa kumkatisha mtu tamaa. Wendell akaandika jina la Kolton upya kwenye namba yake. Asubuhi yake lilikuwa Arlene. Akaandika tena, na tena mfumo ukaona anwani moja na benki moja, ukamla kijana wakati watu wamelala. Annika akapanda ghorofani kuomba nyumba ile iachwe nje ya kanuni. Bosi akamsikiliza vizuri, akasikitika kwa dhati, akasema wakiiacha moja itabidi waziache zote, na Annika mwenyewe ndiye aliyewafundisha kwamba mteja ni mmoja na mlango ni mmoja. Annika akashuka ngazi. Maneno yalikuwa yake kweli.

Kilichobaki ni sauti. Kwenye laini ya oda, mteja akitaja namba yake, mashine humsalimia kwa jina, na kampuni huhifadhi simu zote kwa muda kabla ya kuzifuta. Annika aliona kwamba kwa namba ya Kolton kulikuwa na simu zilizopigwa. Ziliishia wiki ile ile ya kuunganisha, na kila mara kilichoagizwa kilikuwa mkanda wa feni, kisha oda inafutwa. Akadhani ni Arlene huyo huyo, akitafuta jina kwa njia nyingine siku ambazo barabara imefungwa. Wendell akamtafutia ya mwisho iliyokuwa bado inalitaja jina la Kolton, haijafutwa. Kutoa kitu kama hicho nje ya kampuni ni kufukuzwa kazi, na alimpa bila kumuuliza chochote. Annika alisikiliza mwanzo tu, mpaka mashine ilipolitaja jina, akazima. Aliona yaliyofuata ni siri ya mama wa watu.

Akarudi kwa Arlene. Safari hii alisema yote kabla hajavua koti: kanuni ni yake, ahadi imemshinda, jina halirudi. Arlene akaweka birika la kahawa chini.

"Kwa hiyo hata ninyi hamna mahali mlipomwandika," alisema.

"Hatuna, mama. Nisamehe. Nimekuja na hii tu, ile simu yako ya mwisho."

"Simu gani? Mimi sijawahi kuwapigia nyie hata siku moja."

Annika alikuwa ameshabonyeza. Sauti ya mashine, ya kike, changamfu, ikajaa jikoni.

"Karibu tena, Kolton. Tukusaidie nini leo?"

Arlene akaziba mdomo kwa mkono. Mtu akasikika anapumua. Kisha ikaja sauti ya mwanamume mzee, ya chini.

"Eeh. Ni mimi."

"Tukusaidie nini leo?"

"Sema tena."

"Samahani, sijakuelewa."

"Jina. Lile jina, lirudie."

"Samahani, sijakuelewa. Unaweza kutaja bidhaa unayohitaji."

"Mkanda wa feni," ile sauti ilisema, na ikakatika.

Hakuna aliyekuwa amesikia mlango. Duane alikuwa amesimama pale na buti zake za theluji, kofia mkononi, na uso wake ulionyesha kwamba amesikia vya kutosha. Annika alitamani sakafu ipasuke. Mambo ya watu hawa wawili yalikuwa kwenye data zake muda wote, mmoja dukani, mwingine kwenye simu, naye akawahesabu mtu mmoja.

"Siku hizi inaniita Arlene," Duane alimwambia mkewe.

Arlene alimtazama. Miaka minne amelala pembeni ya mtu huyu akiamini kwamba yeye peke yake ndiye anayemkumbuka mtoto, na amemchukia kwa hilo, kimya kimya, zaidi ya alivyowahi kukiri hata kwenye sala. Machozi yalikuwa yanamtoka na hakuyafuta.

"Kolton," alisema. "Haya, mimi nimesema. Sasa wewe."

Duane akafungua mdomo. Midomo ikajaribu kuanza, na hakuna kilichotoka. Akatikisa kichwa kama mtu anayeomba radhi. Arlene akamvutia kiti, akamshika mkono wa koti akamkalisha, akakaa mbele yake akimngoja.