Chumba cha Mwisho Kule Mgodini

Kila Jumamosi asubuhi nilisiriba sakafu ya nyumba yetu ya Nsemulwa kwa udongo mwekundu, nikianzia chumbani kwa mama na kurudi kinyumenyume hadi mlangoni. Jumamosi ile, mwaka tisini na sita, nilikuwa sijafika hata katikati ya sebule rafiki yangu Getrude alipoingia na viatu juu ya udongo mbichi.

"Romana, nawa mikono! Cletus mwenye duka anataka chumba cha mwisho kule mgodini aweke mashine ya kusaga. Wasanii wa kule wanaamua leo."

Mgodi wa madini ya risasi ulifungwa kabla hatujazaliwa. Karakana zake zilibaki za popo, mpaka walipohamia wachora mabango, wachongaji na wasusi wa vikapu. Sasa watu hutoka hata Karema kuja kutazama. Tangu nimalize chuo cha ualimu nilikuwa nimekwenda mara tatu, michoro yangu nimeifunga ndani ya gazeti. Mara zote Mama Médiatrice, msusi anayetunza funguo, alinipa muhogo, akanisimulia habari za kwao Burundi, akanisindikiza. Hakuniuliza nimefuata nini. Kwetu Wapimbwe mwenyeji ndiye huuliza, basi nikaamini hawanitaki.

"Wewe kazi yako kumaliza mihogo ya watu," Getrude alinicheka njiani, mimi nimebana gazeti la michoro kwapani.

Tulimkuta Cletus akipima chumba kwa hatua. Claude, mchora mabango, alikuwa amenuna.

"Vumbi la unga litaganda kwenye rangi zetu. Lakini nani mwingine kaomba?"

Mama Médiatrice akanisogezea kigoda na sahani. "Karibu, mwalimu. Kula kwanza."

Getrude akanifinya.

"Mama," nikasema, "mbona hujawahi kuniuliza nimefuata nini?"

Akashangaa. "Mwanangu! Kwetu kumuuliza mgeni hivyo ni kama kumfukuza. Mwenye haja huisema mwenyewe. Mimi nilidhani unapenda muhogo."

Wote wakacheka, hata Cletus. Masikio yalinichoma. Nikafungua gazeti, nikatandaza michoro yangu sakafuni, nikasema haja yangu kwa sauti ndogo.

"Hatusikii, mwalimu!" Claude akaweka kiganja sikioni.

Nikavuta pumzi.

"Nakitaka chumba hiki. Nataka kuchora humu, na kufundisha wengine."