Faili la Tisa

Saa nne na dakika kumi asubuhi faili la tisa lilifunguka, na Koplo akaondoa mikono kwenye kibodi kama mtu aliyegusa sufuria ya moto.

Kikosini walimwita Ufunguo. Chumba chao hakikuwa na dirisha. Kilikuwa na kompyuta sita, feni yenye kikohozi, na kalenda ya mwaka uliopita ambayo hakuna aliyeibandua kwa sababu hakuna aliyeamriwa. Kwa wiki tatu walikuwa wakifuatilia mafaili kumi na mawili ya jeshi yaliyovuja na kusambaa mtandaoni, kila moja likiwa limefungwa kwa nenosiri lake. Aliyeyavujisha hakujulikana, ila aliahidi kuyatoa manenosiri yote siku ya Ijumaa. Kazi yao ilikuwa kuandika kila anayeyapakua, na kuyafungua mapema ili wakubwa wajue moto utawakia wapi. Siku hiyo ilikuwa Jumatano.

Nenosiri la hili la tisa lilikuwa kaulimbiu ya kikosi, iliyoandikwa kinyumenyume. Koplo nusura acheke. Walinda siri nao ni watu, na mvivu hafichi ufunguo mbali na mlango.

Kisha akasoma. Ilikuwa taarifa ya makombora yaliyorushwa kwa makosa, yakaangukia kambi yao wenyewe kule mpakani, miaka miwili nyuma. Chini yake, majina ya waliokufa: kumi na saba. Wa kumi na moja alikuwa shemeji yake, mume wa dada yake.

Shemeji ambaye jeshi lilitangaza kuwa ametoroka! Kwa ajili yake dada alinyooshewa vidole sokoni, wakwe wakakata mguu, na binti yake akaitwa shuleni "mtoto wa mtoro". Hata Koplo mwenyewe, siku moja alipochoshwa na machozi, alimwambia dada, "Msahau. Aliyekukimbia hangojwi." Husemwa kwamba neno likitoka halirudi, lakini hili lilimrudia.

Meja, mkuu wao, alikuwa amesimama nyuma yake, akasoma hadi mwisho. Hakuwa mtu mbaya. Ndiye aliyempigania Koplo apelekwe masomoni.

"Andika kwamba limeghushiwa," alisema taratibu. "Tukiwahi kusema ni uongo kabla ya Ijumaa, litajifia lenyewe."

"Afande, saini ya kielektroniki ni ya makao makuu. Nimeihakiki mara tatu."

"Sikukuuliza hilo."

"Najua, afande. Lakini taarifa inatoka na jina langu."

"Una akili, Ufunguo. Usije ukajifungia nje."

Koplo alielewa anachoombwa: amuue shemeji mara ya pili, safari hii kwa mkono wake. Aliogopa, wala hakujidanganya. Ila aligundua kwamba kuogopa ni jambo moja, na kutojua la kufanya ni jingine. Akaandika: *Faili ni halisi. Halikuchezewa.* Akabonyeza kitufe, taarifa ikapanda makao makuu, kwenye mfumo usiofuta kitu.

Meja aliitazama skrini. Kisha akanyoosha kiganja. Koplo akavua kitambulisho shingoni, akamwekea.

Alimkuta dada yake nyumbani, ameinamia cherehani, akipindia sare ya mteja.

"Mbona mapema hivi, mdogo wangu? Unaumwa?"

"Siumwi, dada. Hebu simamisha cherehani."

Akamweleza yote bila kupamba, akijua kwamba kila sentensi ilikuwa kosa la kumpeleka mahakama ya kijeshi. Alipomaliza akaomba radhi kwa lile neno lake.

Dada hakulia. Alikata uzi kwa meno, akaikunja sare polepole, akailainisha kwa kiganja mahali ambapo haikuwa na mkunjo.

"Kwa hiyo hakunikimbia," alisema.

"Hakukukimbia."

"Na hao wengine kumi na sita, watu wao nyumbani wanajua?"

"Faili linasema kila nyumba iliambiwa lake. Huyu ajali, yule ugonjwa, mwingine utoro."

Dada akavuta daftari la vipimo vya wateja, akafungua ukurasa mweupe, akatafuta kalamu chini ya vitambaa.

"Majina unayakumbuka?"

"Yote."

"Basi nitajie. Polepole, nisikosee hata herufi."

Mlangoni mteja alipiga hodi, hakuna aliyeitikia. Koplo akafumba macho, akaanza na la kwanza.