Godoro la Kompyuta

Mimi ni fundi wa kompyuta, na sijisifu nikisema kwamba mashine ya kunishinda bado haijaundwa. Kwa hiyo mdogo wangu aliponipigia simu asubuhi akilia kwamba yake inajizima kila baada ya dakika kumi, nilimwambia anywe maji, ninakuja.

Kulia alikuwa na haki. Saa nane mchana maprofesa watatu wangekaa mbele ya skrini zao, kila mmoja katika mji wake, kumsikiliza akitetea utafiti wake wa miaka mitatu. Shughuli ya saa nzima. Mawasiliano yakikatika, angesubiri hadi mwakani, na kazi ya ukufunzi aliyoahidiwa isingemsubiri yeye.

Nilimkuta mezani, nyumbani kwa mama. Kompyuta ilikuwa inang'aa kama sahani ya wageni. Nikaiinua, nikakuta chini yake godoro. Godoro kweli, si utani: mama alikuwa ameifumia kitambaa kinene cha sufu ya kijani, chenye maua pembeni na mifuko minne ya kuishika pembe isiteleze. Katika nyumba ile kila kitu kina vazi lake: redio, jagi, hata rimoti.

"Inalalia hiki tangu lini?"

"Miezi minne sasa. Na naifuta kila siku, dada, usinigombeze."

"Unamwosha mtu uso huku umemziba pua!"

Nikaizima, nikafungua skrubu kumi, nikachomoa waya wa betri. Feni ilikuwa imevaa sweta. Manyoya ya kijani yalikuwa yamejisokota kwenye mapanga yake na kuziba matundu yote ya kutolea joto. Nikacheka kwa sauti, maana kuujua ugonjwa ni nusu ya tiba.

Mama akachungulia mlangoni, naye amevaa sweta la sufu ileile. "Mmeona nini?"

"Mhalifu wetu ndiye huyu!" nikasema. "Sufu yako, mama! Mwenye sufu asikanyage chumba hiki mpaka mtihani uishe!"

Mdogo wangu akaangua kicheko. Mama akaondoka, nami nikainamia kazi, nimeridhika na utani wangu.

Nikaishika feni kwa kijiti cha meno isizunguke, nikayanyofoa manyoya kwa kibano, nikapitisha brashi. Pesti ya kupozea prosesa, ule ubongo wa mashine, ilikuwa imekauka kama ukoko. Nikaifuta kwa spiriti, nikaweka mpya, kiasi cha punje ya mchele. Nikafunga, nikawasha, nikaichezesha video nusu saa nzima huku kiganja changu kiko chini yake. Vuguvugu tu.

"Itafika?" mdogo wangu akauliza.

"Utachoka wewe kabla yake. Hangaika na maprofesa, mashine niachie mimi."

Saa nane akaanza. Nilikaa pembeni, nje ya kamera. Dakika ya kumi ilipopita akanitupia jicho, nikamwonyesha dole gumba. Ya thelathini. Ya hamsini. Profesa mmoja alimbana kuhusu idadi ya watu aliowahoji, naye akamjibu mpaka yule bwana akavua miwani. Feni ilivuma taratibu. Walipotamka kwamba amefaulu, alinirukia tukaangusha kiti, tukapiga kelele kama wendawazimu.

"Mama! Mama, njoo!"

Nikatoka kumtafuta. Alikuwa amesimama uani kwenye kibaridi, na gauni jepesi, amejikumbatia. Sweta alikuwa amelitundika kwenye kamba ya nguo, mbali kabisa na mlango.

"Amefaulu?"

"Amefaulu, mama."

Machozi yakamtiririka. Lakini hakusogea hata hatua moja.

"Nimelivua tangu asubuhi," akasema. "Na mikono nimenawa. Sasa naweza kuingia?"

Nilitamani ardhi inimeze. Fundi mzima, nimeacha mama yangu atetemeke nje siku ya furaha yake kwa sababu ya mdomo wangu. Nikavua koti langu, nikamfunika mabega, nikamshika mkono.